Ukoo uliniaga kabla ya laser ya macho, sasa wanamtisha mama yangu

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mtanivumilia. Ila sitii chumvi, haya yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa korosho, Mitole huku Kilwa. Nimevaa miwani mizito tangu shule ya msingi. Mnaopulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mnanielewa: vumbi linaganda kwenye vioo, jasho linatiririka, ukivua miwani huuoni hata mkorosho ulio mbele yako.

Mwaka jana, msimu wa kupulizia ulipoisha, nikaamua kwenda Dar kufanyiwa laser ya macho, niachane na miwani. Nikaaga nyumbani.

Balaa likaanza.

Mjomba wangu, ambaye hajawahi kukanyaga kliniki ya macho, akatangaza kwamba jicho linang'olewa, linawekwa kwenye sahani, linachomwa, halafu linarudishwa. Shangazi akaongezea kwamba ukipepesa tu, laser inapenya hadi kwenye ubongo.

Siku ya safari nikakuta ukoo mzima umejaa uani. Dua imesomwa, ubwabwa umepikwa. Kisha wakapanga foleni, mmoja mmoja, niwatazame sura zao kwa mara ya mwisho!

Shangazi akanishika mashavu huku analia, "Nitazame vizuri baba, usije ukanisahau."

Aisee. Nilipanda basi nikiwa nimeshajifia.

Haya, ukweli wenyewe huu hapa.

Kwanza wanakupima sana, maana si kila jicho linafaa. Dada mmoja niliyekaa naye benchi alirudishwa nyumbani, kioo cha mbele cha jicho lake ni chembamba.

Jicho halitoki mahali pake. Unawekewa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa na kifaa, hata ukitaka kupepesa huwezi. Jicho likihama ghafla, mashine inasimama yenyewe. Nilihisi kugandamizwa kidogo na kaharufu kama ka nywele zinazoungua. Dakika chache tu, nikaambiwa niinuke.

Sisemi ni raha tupu. Jioni ile macho yaliwasha kama yamepakwa pilipili. Usiku taa zilikuwa na duara la mwanga, na ukavu ulinisumbua miezi kadhaa. Daktari alinikataza kufikicha macho na kusogelea salfa hadi aniruhusu. Basi, hayo tu.

Kesho yake nilisoma maandishi ya basi ng'ambo ya barabara bila miwani. Nililia, sioni aibu kusema.

Sasa hasira yangu.

Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Operesheni yake ni nyingine kabisa, si laser yangu, na daktari wa Lindi kasema anaweza kuona tena. Mama alishakubali.

Juzi kaja mjomba yule yule na sahani yake ile ile. Nikamwambia, "Mjomba, si haya hapa macho yangu?"

Akanijibu, "Wewe ilikuokoa ile dua."

Mama sasa hataki kwenda.

Jana nimemkuta anachambua korosho kwa kupapasa, nzima huku, mbovu kule. Nikaingia, nikasimama mbele yake kabisa. Akauliza, "Nani wewe?"

Nilichojifunza: mambo ya macho muulize daktari wa macho, si mwenye mdomo mkubwa ukoo mzima.

Mwenye mzazi aliyetolewa mtoto wa jicho aandike hapa ilivyokuwa, zuri na baya. Nitamsomea mama comment moja moja, bila miwani, mjomba akiwa amekaa hapo hapo.