Chemchemi Ilikauka Mvua Ikinyesha

Siku ya kumi na moja ya mvua, chemchemi yetu ilikauka.

Hujasoma vibaya. Mvua ilikuwa inamwagika, nguo hazikauki, kuta zimeota ukungu. Halafu bomba la mianzi linalotuletea maji kutoka mlimani likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Watu wakacheka, wakaendelea kukinga maji ya paa.

Dada Salud hakucheka.

Huyu ndiye alikuwa mtu wetu wa mvua. Kila asubuhi alipima maji kwenye chupa ya plastiki aliyoikata shingo, akaandika kipimo kwa chaki kwenye ukuta wa kanisa. Alishapelekwa mjini kufundishwa mambo ya maporomoko. Miaka miwili kabla ya hapo alitutoa kijiji kizima, tukalala shuleni siku mbili, mlima haukudondosha hata kokoto. Tangu hapo wakamwita Mama Kiama.

Mimi naitwa Tikyo. Kijiji chetu, Kambusay, kilikuwa kwenye mteremko huku kusini mwa Leyte, Ufilipino. Nasema kilikuwa.

Asubuhi hiyo Salud alikuja kwangu, kajifunika nailoni kichwani.

"Tikyo, maji yakikatika mvua inanyesha, ujue yamepata njia nyingine ndani ya mlima. Panda kaangalie kama ardhi imepasuka."

"Kwa nini mimi?"

"Huko juu unakujua kuliko mtu yeyote, mdogo wangu."

Alilisema kawaida tu. Ila mimi nikatazama pembeni.

Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba juu ya chemchemi mti haukatwi. Na mimi, kwa miaka minne, nilikuwa napanda kwa siri na msumeno wa petroli, naangusha miti ya lawaan kwa ajili ya tajiri mmoja wa mbao. Watu walidhani ni wezi wa ng'ambo ya mlima. Wakiwalaani, na mimi nalaani nao.

Nikapanda.

Ufa niliukuta katikati ya visiki vyangu. Ulianzia kwenye kisiki kimoja, ukapita cha pili, cha tatu, ukapotelea kwenye ukungu. Niliingiza mkono, ukazama hadi kwapani, sikugusa chini. Mizizi ilikuwa imeoza, inakatika vidoleni kama muhogo uliochemshwa.

Ndani mle mlitoka ubaridi. Na sauti, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Nisikudanganye. Sikuwaza watu kwanza. Niliwaza visiki. Nikisema kuna ufa, watapanda kuuona, na wataona kila kitu.

Ukishuka, nyumba ya kwanza ni ya bibi Ursing. Alikuwa barazani na mwanawe na mkwewe, wanachambua mchele.

"Vipi huko juu, mwanangu?"

"Hakuna kitu, bibi."

"Nilijua tu. Salud atatuua kwa presha kabla ya mlima."

Tukacheka wote. Nilicheka vizuri kabisa, hilo nalikumbuka.

Salud alikuwa ananingoja kanisani. Akayatazama matope mkononi mwangu, yamefika hadi kwapani.

"Una uhakika?"

"Hakuna kitu, dada."

Nikaenda moja kwa moja nyumbani. "Chukua watoto," nikamwambia mke wangu, Nimfa. "Nendeni kwa dada yako ng'ambo ya mto. Ukiulizwa, sema anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Nimfa, nenda."

Salud alimwona akitoka na watoto, kabeba sufuria na gunia la mchele. Nani anaenda kumwona mgonjwa na gunia la mchele?

Hakumuuliza. Alikwenda kugonga kengele ya kanisa, kisha akapita nyumba kwa nyumba.

"Tikyo katoa familia yake. Nyie mnangoja nini?"

Maneno hayo tu. Watu zaidi ya mia mbili walishuka. Na mimi nikashuka nao, nimebeba mzee mmoja mgongoni, mdomo nimeufunga.

Bibi Ursing na watu wake hawakushuka. Salud akarudi juu kuwafuata.

Saa saba mchana mlima ukaja. Wengine wanasema ulinguruma. Mimi nilisikia kama mtu kashusha pumzi ndefu. Minazi ilitembea ikiwa imesimama wima, halafu pale palipokuwa na nyumba za juu hapakuwa na kitu.

Watu wanne. Bibi, mwanawe, mkwewe, na Salud.

Kule shuleni tulikohifadhiwa nilikuwa shujaa. Watu walinishika mkono: bila wewe tungezikwa. Nikawa naitikia kwa kichwa. Usingizi ukaisha. Kila nikijilaza kwenye ile sakafu ya saruji nilisikia meno yanasagwa chini ya sikio langu.

Siku ya arobaini, baada ya sala, mume wa Salud, kaka Ambo, akaniita nyuma ya darasa.

"Siku ile nilikuwa kwenye daraja la miti, ng'ambo ya korongo mbele ya nyumba ya bibi Ursing, namngoja mke wangu," akasema. "Nilimsikia bibi akimjibu: Tikyo katoka huko sasa hivi, kasema hakuna kitu. Mlima ulipokuja walikuwa bado wanabishana."

Akanisogelea.

"Na alfajiri ile, kabla Salud hajaja kwako, tulishapanda mimi na yeye. Ufa tuliuona. Visiki tuliviona, na tulijua ni vya nani."

"Kaka..."

"Nyamaza nimalize. Mimi nilitaka nikutaje mbele ya watu. Akanikatalia. Alisema, mimi wananiita Mama Kiama, hawatanisikiliza. Tikyo akishuka akasema kwa mdomo wake, watakimbia wote, na yeye ataweza kuishi nao akiwatazama usoni."

Hakunipiga. Aliondoka tu, akaniacha nimesimama pale.

Nilirudi ndani, mishumaa bado inawaka, nikasema yote. Kuanzia mti wa kwanza. Nimfa alichukua mkeka wake akahamia upande wa pili wa chumba.

Ni miaka sita sasa. Wengine wananisalimia, wengine hawanisalimii, na sina wa kumlaumu.

Wewe unayeishi chini ya mlima: maji yakikatika huku mvua inanyesha, usingoje mtu akuthibitishie. Toka. Na ukitumwa kuangalia, sema ulichokiona, hata kama ulichokiona ni kazi ya mikono yako.