Mitungi ya Wageni

Mimi sikusoma. Darasa la pili niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe nikaenda kubeba kahawa. Nasema mapema ili asomaye asije akatafuta maneno makubwa humu. Nilivyo navyo nilivipata kwa mgongo: nyumba Kagondo, ghala Kagoma, na boti ya mbao yenye injini mbili ambayo watu wa visiwani waliitambua kwa mlio kabla ya kuiona. Boti ilikuwa yangu, lakini nahodha alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Bila yeye ilikuwa mbao tu.

Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa ule wa dunia nzima alifika kijana wa pwani, mwalimu wa kuzamia. Kazi yake ilikuwa kuwashusha watalii chini ya maji na mtungi mgongoni, wakatazame samaki. Alisema baharini kila mtu anazamia, yeye anataka awe wa kwanza kuwaleta ziwani kwetu. Nikamuuliza watakuja kuona nini. Akasema furu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Furu ni visamaki vya kwenye mawe, miiba mitupu, sisi tulivila utotoni kwa kukosa kingine. Leo mtu apande ndege aje amtazame furu usoni?

"Wapo watakaolipa, mzee wangu," akasema.

Basi nikaacha kucheka. Mimi ni mfanyabiashara. Mtu akitaka kununua ukungu, nitamtafutia gunia.

Mdogo wangu akampeleka kwenye visiwa vya Muleba, penye miamba. Miamba ile aliijua kwa sababu ya nyavu zilizomchanikia miaka yote aliyovua na watu wa kuja, Wasukuma, Wakerewe, Wajaluo, kila mtu na lugha yake. Kijana akashuka. Mdogo wangu alinisimulia kwamba alibaki juu akitazama mapovu, kama mtu aliyeinama juu ya chungu asichojua kimepikwa nini. Kijana alipopanda alikuwa anacheka peke yake. Chini kule, alisema, kuna furu wa rangi ambazo hajaziona hata baharini. Siku hiyo hiyo tukakubaliana. Yeye ataleta wageni, mimi nitatoa boti na vyumba, mdogo wangu ataendesha, na mke wake, shemeji yangu, atapika.

Alipoondoka aliacha vifaa vyake kwenye ghala langu, kati ya magunia ya kahawa. Ilikuwa mitungi ya chuma na mipira yake ya kupumulia. Nikamuuliza kama ndani mna oksijeni, maana mitungi ya namna hiyo nilishaiona hospitalini. Akasema hapana, mna hewa tu, hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa kama pamba kwenye mto. Mashine ya kujazia ilikuwa kwao pwani, angekuja nayo pamoja na wageni. Nilijisikia vizuri. Nimeuza kahawa, sabuni, mafuta ya taa, vitenge. Sasa nilikuwa mtunza hewa.

Ndipo dunia ikafungwa.

Tukaanza kupanga safari kwa simu. Tulisema wageni watakuja masika yakiisha. Masika yakaisha, viwanja vya ndege vya kwao vimefungwa. Tukasema msimu wa senene, shemeji akaanza kujiuliza kama wazungu watakula au watawapiga picha tu. Senene wakaja, wakaliwa, wakaisha. Tukasema baada ya Krismasi. Mdogo wangu alipaka boti rangi upya na akatengeneza ngazi ya kupandia mtu aliyebeba mtungi. Shemeji alitenga kuku, akawaita kuku wa wageni, hakuna kuwagusa. Kuku wale walizeeka wakaanza kutaga vibaya. Mwisho tuliwala wenyewe, wagumu kama kamba.

Kwetu ugonjwa haukuwa na jina wakati ule. Ilikuwa changamoto ya upumuaji. Mtu anakohoa, anafunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka, anatoka jasho, na akifa anazikwa kwenye kibanja chake kati ya migomba kama aliyekufa kwa uzee. Tulizika. Watu tuliozoea kuwaona kanisani mstari wa mbele tuliwazika, na hatukuulizana.

Baadaye kijana wa pwani akapiga simu kwa furaha. Ulaya chanjo zimetoka, wageni wake wote wamechanjwa, wanataka tarehe. Nami nikafurahi. Kisha akasema neno la pili: wameweka sharti. Kila atakayekuwa ndani ya boti awe amechanjwa na awe na cheti.

Chanjo ilipofika kwetu wazee tulitangulizwa. Nilikwenda Bukoba mjini, nikakaa kwenye benchi na wastaafu, mmoja analia shinikizo la damu, mwingine anauliza kama ataruhusiwa kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikachomwa. Mkono uliuma nikalala mchana. Hakuna zaidi. Kesho yake nikapeleka cheti changu ufukweni kwa mdogo wangu, nikamwonyesha kama mtoto anavyoonyesha daftari lenye alama za pata.

Alikuwa na wavuvi wenzake wanashona nyavu. Akakitazama, akapandisha mkono wa shati.

"Mimi nilishachanjwa," akasema. Akagonga lile kovu la begani, wanalo watu wengi wa umri wake.

"Hilo ni la ndui. La shuleni."

"Chanjo ni chanjo, waitu, kaka yangu. Wewe hukulipata kwa sababu ulitoroka shule. Sasa umepata la kwako, hongera."

Wale wavuvi waliangua kicheko. Mimi nilibaki kubeba kahawa ili yeye asome hadi la saba, na kusoma kwenyewe ndiko kulimpa kovu la kunichekea. Nikamwambia wageni hawatapanda boti ya mtu asiye na cheti.

"Wanaogopa niwape ugonjwa?" akasema. "Ugonjwa si ulipanda ndege kuja huku? Ulikata tiketi Izimbya kwetu?"

Hapo hata mimi nilicheka. Alikuwa na mdomo, yule.

Nilimrudia mara nyingi. Nilimpelekea muuguzi, akampa chai akamrudisha. Shemeji alinivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, huyu ukimsukuma anarudi nyuma kama mbuzi. Mwache." Kijana wa pwani akashauri nitafute nahodha mwingine. Nikamjibu kwamba nahodha wapo, lakini miamba ile inajulikana na mtu mmoja, nami sipeleki wageni wakapasukiwe boti ziwani. Wakati huo sikuwa nawaza wageni tena. Niliona jinsi watu wa makamo yake wanavyokwenda kaburini. Niliitumia safari kama fimbo ya kumchungia. Nilifikiri akitaka safari atakubali sindano, na akikubali sindano, wageni waje wasije, nimempata.

Akakubali. Alisema atachanjwa wiki ya safari, si kabla, ili asionekane anawaogopa watu ambao hawajafika. Tarehe ikapangwa.

Homa ikaitangulia.

Nilipopata habari alikuwa ameshafukizwa kwa majani hadi ngozi ya uso imebadilika. Nilimkuta kwenye kizingiti cha mlango wake, ameshika mwimo kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa kwa kichwa. Walioingia kule alikuwa amewaona wakirudi ndani ya majeneza. Akasubiri pumzi, akasema:

"Niletee mtungi."

Nikamwambia mle hamna dawa, hamna oksijeni, ni hewa tu.

"Kaka, hewa ndiyo ninayokosa."

Nikaeleza tena. Ni hewa hii hii iliyo hapa mlangoni. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunitazama, na nilijua mtazamo huo, ndio tuliomtazamia baba alipogawa mashamba.

"Ya wageni," akasema. "Unawatunzia wageni."

Sikubishana zaidi. Niliendesha gari hadi Kagoma nikabeba yote. Sikuacha mmoja. Nikafunga mpira kama nilivyomwona yule kijana akifunga, nikamwekea mdomoni. Ikatoka ile sauti, kama mtu anayevuta chai ya moto. Na mabega yake yakashuka. Wallahi yalishuka, ingawa mimi si Mwislamu. Shemeji akapiga magoti akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Majirani walisimama kwenye uzio. Mdogo wangu alilala ameketi, mpira mdomoni, na mimi peke yangu katika kundi lile nilijua kwamba hakuna kitu kinachofanyika. Ilikuwa imani yake inampumzisha, na imani haina mapafu.

Mtungi ukaisha, nikafunga mwingine. Ukaisha, nikafunga mwingine. Kucha zake zilikuwa zinageuka rangi. Alipolegea asiweze kukataa, nilimbeba mwenyewe hadi kwenye gari, na nilimbeba kama gunia la kahawa la zamani, ambalo sikutegemea kubeba tena katika umri wangu.

Hospitalini muuguzi akautazama mpira akauliza ni kitu gani. Nikamwambia. Akautoa taratibu, bila kunikebehi, akamwekea oksijeni ya kwao. Mtungi mmoja ulikuwa bado umejaa. Nikauacha kwenye gari. Ningeuingiza wa nini? Muuguzi alisema haufai, nami nilijua haufai. Kesho yake kabla ya jua kupanda mdogo wangu akafa.

Shemeji alitoka nje kutafuta kanga yake kwenye gari, akauona. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umesimama kwenye kujaa. Mipira ilikuwa kazi ya wanaume, lakini kipimo alikwisha jifunza kukisoma, kwa kukitazama kikishuka.

"Huu ni wa nani?" akaniuliza.

Tulimzika Izimbya, kwenye kibanja cha baba. Shemeji hakupiga kelele. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya wazee, wakati watu wanakunja mikeka: kwamba mumewe aliomba hewa, kaka yake akaanza kwa kubishana, na mtungi mmoja aliubakiza umejaa kwa sababu tarehe ya wazungu ilikuwa karibu. Watu walitazama chini. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Nikampigia kijana wa pwani, nikaweka sauti kubwa, nikamwomba aeleze. Akaeleza vizuri, kwa Kiswahili chao kile cha kutiririka, kwamba ni hewa tu, haimtibu mgonjwa. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyu," akasema, "si ndiye mwenye wageni?"

Wageni walikwenda ziwa lingine. Kijana aliniomba radhi, akasema labda mwaka unaofuata, nikamjibu sawa, kama tulivyojibizana muda wote ule. Lakini mimi ule mtungi ulinikaa. Sikuzoea kuitwa mnyimi na mtu niliyemlisha. Nikasema maneno yameshindwa, mtu huamini jicho lake. Nikaupakia garini, nikaenda hadi uani kwa shemeji, nikamwita atoke. Alitoka na binti zake. Nikausimamisha mtungi chini, nikamwambia, "Shemeji, njoo unuse. Njoo uguse. Ni upepo." Nikafungua koki.

Ulitoka kwa kishindo, mluzi mkali, vumbi likaruka, kuku wakakimbilia migombani. Majani ya mgomba wa karibu yalitikisika. Niliweka mkono wangu mbele ya tundu nikamwonyesha: baridi tu, upepo tu, haina rangi, haina harufu. Ilichukua muda mrefu kwisha, kumbe humo mna hewa nyingi. Nilimtazama nikitegemea aone. Na aliona. Alisimama mpaka mluzi ukafa.

"Umemwaga," akasema.

Akaingia ndani. Binti mdogo alibaki akiutazama mtungi, mama yake akamwita kwa jina, naye akaingia.

Naandika haya kwa sababu sikumnyima. Nilikuwa sahihi kuhusu chanjo, nikawa sahihi kuhusu hewa, nikawa sahihi kuhusu hospitali, na usahihi wangu haukumsaidia mtu hata mmoja. Ukoo umegawanyika. Wako wanaonisalimia na wako wanaonisalimia wakiwa wanapita. Boti niliiuza kwa watu wa dagaa.

Juzi kijana wa pwani alikuja kuchukua vifaa vyake. Amenenepa, kazi imerudi. Tulipakia mitungi kwenye pikapu yake, mitupu, ikigongana, na njia ya kwenda kwenye lami inapita mbele ya nyumba ya shemeji. Mwenyewe alikuwa uani na wanawake wenzake wanamenya ndizi. Pikapu ilipunguza mwendo kwa ajili ya mashimo, kila mtu akaona kilichobebwa. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, kioo kiko wazi.

"Inakwenda kujazwa," shemeji akawaambia wenzake.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa inakwenda kujazwa.