Mstari wa Pembeni

Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, Dorina Abong'o anapiga magoti kando ya seng'enge ya shamba la majaribio huko Gem. Anageuza jani la mhindi kama mtu anayekagua noti ya elfu moja aliyopewa gizani.

"Kijani hivi, kwa udongo huu?" anasema. "Hapana. Kuna mtu."

Kwa miaka sita mama huyu, mwenye umri wa miaka 52, amekuwa akiyavalisha mahindi mifuko ya karatasi ili chavua isirukie aina nyingine. Hulipwa shilingi 480 kwa siku.

Watafiti wanasaka mbegu inayoweza kujitafutia fosforasi katika udongo mwekundu unaoing'ang'ania. Ndiyo maana shamba halitiwi mbolea. Mbegu zilikuwa chache, kwa hiyo kila aina ilipata mstari mmoja. Karibu mistari yote imegeuka zambarau kwa njaa, isipokuwa mstari wa pembeni.

Daktari Wasonga, mkuu wa utafiti, alikuwa ameahidi kuuchagua Ijumaa, wakulima wagawiwe mbegu yake. Dorina, ambaye nusu ekari yake humpa magunia mawili, hakutaka kudanganywa. Akamshuku mlinzi, shemeji yake Okumba, ambaye usiku hubaki peke yake shambani.

"Okumba, mbolea yako imemwagikia wapi?"

"Shemeji, niyalinde mahindi yenu, halafu niyalishe pia? Kwa mshahara gani?"

"Cheka tu."

Akampelekea daktari shaka zake. Okumba akaambiwa akae nyumbani hadi Ijumaa, na huenda asirudi.

Asubuhi hii Dorina anainua macho. Ng'ambo ya seng'enge, mkabala na mstari ule, magugu nayo yamenawiri.

"Nani hutia magugu mbolea?" anajiuliza.

Anachimba kwa jembe kando ya mstari. Udongo ni mweusi. Kinatoka kigae cha chungu, kisha majivu. Ni gunda, mahali palipokuwa boma la zamani. Ng'ombe walilala hapo miaka mingi na kuacha samadi yao, kisha trekta ya watafiti ikasawazisha kila kitu bila kumuuliza mwenyeji.

Daktari anapelekewa kigae na kuja kuuona udongo. Halafu anaufuta mstari wa pembeni katika daftari lake na kumpigia Okumba simu arudi kazini.

Okumba anapofika, Dorina anamlaki langoni.

"Nilikosea, shemeji."

"Ulikosea sana, nyar Alego," anajibu Okumba, akimwita binti wa kwao Alego. "Leo utanipikia kuku, si omena."

Sasa jicho la Dorina liko kwenye mstari wa ishirini na saba. Mahindi yake ni mafupi, hayapendezi, lakini zambarau yake ni kidogo. Daktari amekubali kumpa mbegu zake kiganja kimoja baada ya mavuno. Atazipanda mahali pabaya kuliko pote shambani mwake, palipowahi kumpa gorogoro mbili tu, makopo mawili ya kupimia mahindi.

"Siamini jani tena," anasema. "Nitaamini gorogoro ya tatu ikijaa."

Na kabla ya kupanda, patachimbwa kutafuta vigae.

"Safari hii," anasema, "achimbe Okumba."