Fensi Mpya, Kabari ya Mjomba

Kaka yangu alirudi kutoka Dar na miwani ya jua, shati la mtumba lenye maua makubwa, na chuma kirefu ndani ya gunia. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ambapo kila aliyekanyaga Kariakoo mara moja alirudi Morogoro akijiita mfanyabiashara. "Mali ya Ulaya hii," akatutangazia, hata salamu hajamaliza. Nilicheka mpaka machozi. Ulaya yenyewe hakuijua hata kwenye ramani.

Ndani ya gunia mlikuwa na fensi ya mashine ya mjomba wetu, fundi seremala. Fensi, kwa asiyejua, ni kile chuma kilicholala juu ya meza ya msumeno, ambacho ubao huegemea unaposukumwa kwenye bledi ili ukatwe sawasawa. Mashine ilikuwa kuukuu. Mjomba aliinunua kwa Mgiriki wa shamba la mkonge aliyekuwa anafungasha virago, na fensi yake ilikuwa imelegea tangu siku hiyo: mbele inakamata, nyuma inakimbia upande. Mjomba akachonga kabari ya mninga, akaipachika nyuma kati ya fensi na bolti, akawa anaigonga kwa nyundo mpaka fensi isogee mahali pake. Kila asubuhi ni bismillahi, kabari, nyundo, ndipo umeme uwashwe. Hakuna fundi aliyethubutu kuigusa kabari ile.

Hata kwa kabari hiyo, mashine ilishamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sasa hofu yake ilikuwa kidole cha shahada, kile cha kulia anachokiinua kwenye swala. "Hivi vingine utavila," alikuwa akiiambia mashine, "lakini hiki nitakwenda nacho kaburini." Mafundi walicheka. Mimi niliyemuuguza mara zote mbili sikucheka. Nilikuwa nimepunguzwa kiwandani, napiga msasa na vanishi hapo karakana, na kila mashine ilipounguruma roho ilinidunda. Kwa hiyo kaka nilimdharau, ila fensi yake niliitaka.

Aliifunga mwenyewe, spana mkononi, mdomo haupumziki. Eti sisi tunaishi zama za mawe, eti watu wa chuo cha Mzumbe wanaotuagiza rafu za vitabu wanatucheka kisogoni. Mafundi wawili walisimama pembeni wakiitikia "kweli, kweli" kama wamelipiwa. Lakini fensi ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Ilikamata mbele na nyuma, huwezi kuitikisa.

Mjomba akaja, akaipapasa, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Halafu akafungua sanduku lake, akatoa kabari. Akailegeza fensi kidogo, akapachika kabari nyuma, akagonga kwa nyundo, akaikaza tena.

Kaka, bingwa wa soko huria, akaanza kukagua viatu vyake. Fundi mmoja akakohoa akasema, "Hapo sasa imekaa, mzee." Imekaa nini, mnafiki mkubwa! Macho yake yalikuwa kwenye bati la paa.

"Mjomba," nikasema, "chuma hiki kinajishika chenyewe. Kabari ya nini tena?"

Kabla mjomba hajafungua mdomo, kaka akanirukia. "Mwanamke wewe, nenda kapige msasa. Humfundishi mzee kazi."

Huyo ndiye aliyetutukana asubuhi nzima kwa kung'ang'ania mambo ya kale. Loo!

Mjomba akawasha mashine, akasukuma ubao wa mtiki. Ulipofika katikati, bledi ikaanza kuguna. Kabari ilikuwa imeisukuma fensi kwa nyuma ikaelekea kwenye bledi, na ubao ukabanwa katikati yao. Mara ukaruka kinyume. Ulimchania mjomba shati ubavuni, ukaenda kumpata kaka tumboni, maana alikuwa amejipanga nyuma ya mjomba ili wapita njia wamwone. Akakaa chini kwenye maranda na miwani yake. Sikumtazama mara mbili. Nilikimbilia swichi, kisha mkono wa mjomba.

Alikuwa ameukunja ngumi kifuani, damu inachuruzika.

"Fungua, mjomba."

Akakataa. Mtu mzima yule alikuwa anaogopa kuangalia. Nilimbembeleza kama mtoto mpaka akafungua, kimoja kimoja. Kidole cha shahada kilikuwepo, ngozi tu imechubuka. Nililia pale pale mbele ya wateja, na aliyetaka kucheka acheke.

Mjomba hakulia. Alikinyoosha kile kidole, akamwelekezea fundi wa kwanza, wa pili, mimi, kisha kaka.

"Nani alijua?"

Kaka akajibu akiwa bado chini. "Muuzaji aliniambia hii haitiwi kabari. Nilishindwa kukwambia, mjomba. Ningekuvunjia heshima."

Mjomba akaichomoa kabari, akamtupia mapajani.

"Yaani ulikuwa radhi nikatike," akasema, "mradi wewe uonekane una adabu."

Jioni ile kabari ile niliifanya kuni, nikachemshia chai. Kesho yake kaka alifika mapema, hana miwani, ameinama na mikono yote miwili mbele. "Shikamoo, mjomba."

Mjomba akawasha mashine kwanza, ndipo akaitikia marahaba.