Homa Isiyo na Joto

Zulia la fleti yetu kule Stafford, ughaibuni, lilinuka unyevu mwaka mzima, kwa sababu kiyoyozi kilivuja na mwenye nyumba kazi yake ilikuwa kuahidi tu. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliijua harufu ile kuliko mtu yeyote, maana kila nikirudi shule nilijilaza kifudifudi sebuleni, pua kwenye zulia, nisijue nina nini. Aline alikuwa amehama. Alikuwa rafiki yangu, binti wa familia ya Kikongo iliyoishi ghorofa ya juu, na baba yake alipopata kazi mji wa mbali, Arlington, walipakia vitu vyao Jumamosi moja wakaenda. Watoto huhama kila siku. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini chakula hakikupita, kwa nini nilijifungia chooni shuleni nikilia, na kwa nini nilipoulizwa sababu niliona aibu, kana kwamba nimeiba.

Mshauri wa wanafunzi akamwita mzazi. Mama alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, basi akaja Bibi, mama yake mama, aliyetoka Mombasa kukaa nasi na hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Mkalimani nikawa mimi mwenyewe. Mshauri, mwanamke mpole wa sauti ya chini, alisema, "Mwambie bibi yako una huzuni kubwa, na nadhani inamhusu yule rafiki yako. Mwambie si kosa lako."

Nikamgeukia Bibi. "Anasema nina homa. Nipumzike."

Bibi akanishika paji la uso palepale. "Mbona huna joto? Hebu muulize, homa gani hii?"

Nikamwambia mshauri kwamba Bibi anashukuru. Wakatabasamiana, nami katikati yao nikijua nimewadanganya wote wawili, ilhali hata ukweli wenyewe sikuwa nao. Watu wa aina niliyoanza kushuku kuwa nimo, nyumbani kwetu walitajwa kwa matusi tu. Neno sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, nilikuja kulijua ukubwani.

Bibi alinifanyia kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akaninywesha wiki nzima. Kufikia likizo nilikuwa nakula tena. Sijui lilikuwa kombe, au siku kupita, au mkono wake uliokaa mgongoni mwangu mpaka nimalize kunywa.

Mwaka huu kitabu changu cha kwanza cha mashairi kimetoka. Ndani yake nimesema waziwazi kwamba nimewahi kuugua sonona, kwamba ninawapenda wanawake, na kwamba siombi tena radhi kwa lolote kati ya hayo. Bibi ni marehemu sasa. Nilimsomea Mama shairi la siku ile ya ukalimani.

"Niliporudi kutoka kazini siku ile," akasema, "bibi yako alinikalisha jikoni. Akaniambia, mtoto huyu hana homa, anamlilia mtu. Usimuulize ni nani." Akanitazama. "Nami sikuuliza. Nilikosea?"

Kitabu kizima nilikiandika nikiamini nilikuwa peke yangu. Sasa sijui kama walinisitiri au waliniacha. Wakati ule nilikosa maneno; leo ninayo, kwa lugha mbili. Nikaona nimpe jina ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Alikuwa Aline," nikasema.

"Namkumbuka," Mama akajibu. "Alikuwa akija kula kwetu, ila bamia hagusi."