Hongera Niliyoitoa Mapema

Nichekeni tu, nimestahili. Wakati wa vita, nilikuwa na kazi katika kafe ya intaneti pale mtaani Bwiza. Wateja wengi niliwafungulia akaunti za barua pepe mimi mwenyewe, kwa hiyo maneno yao ya siri niliyajua. Polisi wakaniagiza nisome barua zao kimya kimya, niwatafute waasi. Mpelelezi mimi! Nilichokuta ni wagonjwa na wachumba tu.

Asubuhi moja akaingia Papa Hasani, muuza vitenge. Kwetu aliyepata mtoto hapiti bila kupongezwa. Nikamshika mkono. "Hongera, Papa Hasani! Mapacha, tena wazima wote!"

"Mapacha gani? Bibi yangu iko Kigoma. Barua yake mi sijafungua bado."

Nyuma yake wateja wote wakaacha kuchapa, wakanigeukia.