Vidonge vya Kutosinzia vya Afande Opio

Siku niliporipoti kazini katika hospitali moja ya Jinja, nikiwa muuguzi mpya kutoka Budondo, Matroni hakuniuliza cheti. Alininyooshea mkono wake, akasema, "Nipime mapigo hapa." Nikaweka vidole juu ya mshipa, nikahesabu mapigo huku nikitazama saa ya ukutani. Nilipomtajia hesabu, akatikisa kichwa.

"Umeniambia moyo unapiga mara ngapi. Hujaniambia unapigaje. Unakwenda sawasawa? Unaruka? Rudia."

Nilirudia mpaka akaridhika. Ndivyo nilivyoingia katika uuguzi wa moyo, kazi niliyoifanya hadi kustaafu.

Wakati huo mashine ya kuchora moyo ilikuwa moja tu. Tulimbana mgonjwa vibano mikononi na miguuni, tukamnatisha vikombe vya mpira kifuani, kisha mashine ikatoa karatasi ya viraba yenye mstari wa kupanda na kushuka. Mstari huo ni umeme wa moyo. Ukiusoma vizuri, unajua kama moyo unakimbia, unachelewa, au umepoteza mpango wake.

Jinja ndiko nilikoolewa na Opio, askari wa magereza, mtu wa Soroti. Mimi Msoga, yeye Mteso, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili alichofunzwa kambini. Ndugu zangu hawakukipenda. Kiliwakumbusha miaka ya utawala wa wanajeshi. Kwangu mimi kilikuwa lugha ya nyumba yangu. Alipohamishiwa Mbale, nami niliomba uhamisho nikamfuata.

Huko Mbale, Mkuu wa Kitengo cha moyo aliniletea msichana aliyetoka chuoni, Nambozo, akasema, "Sista Edisa, mfundishe huyu." Nikamfundisha. Nilimwonyesha pa kuweka kila kikombe, namna ya kumfunika mama kifuani asione haya, namna ya kumtuliza mzee anayedhani mashine itampiga shoti. Alikuwa mwepesi wa kuelewa na mwepesi wa kucheka. Ilipokuja nafasi moja ya kusomea magonjwa ya moyo Kampala, Mkuu wa Kitengo alimpeleka yeye.

"Wewe una familia, Sista," aliniambia. "Nambozo bado yuko huru."

Nilimpikia Nambozo keki ya kumuaga. Kila mtu aliisifu. Mimi kipande changu nilikiacha sahanini. Aliporudi, wagonjwa walianza kuuliza mlangoni, "Sista Nambozo yupo?" Nikiwaambia nipo mimi, walisema watasubiri.

Ndipo mume wangu alipoanza kusinzia. Sisemi uchovu. Alisinzia akila, akiwa amesimama, akizungumza. Siku moja alisinzia lindoni na bunduki begani, na Afande Mkuu wa gereza akamwita.

"Opio, wewe ni askari mzuri. Lakini ukilala tena na silaha, nitakuondoa kazini. Nenda utibiwe."

Daktari bingwa wa Kampala aligundua ugonjwa wa usingizi wa ghafla, ambao chanzo chake kimo ubongoni wala si uvivu. Alimwandikia modafinil, vidonge vya kumfanya mtu awe macho. Vijana mnaosikia vidonge hivi vikisifiwa na madereva na wanafunzi, nisikilizeni hapa. Dawa hii huamsha ubongo, lakini haiishii huko. Inaweza kupandisha presha na kuharakisha moyo. Kabla ya kuanza, mtu hupimwa presha na kuchorwa moyo, na mwenye ugonjwa wa moyo huenda akakatazwa kabisa. Wengine huumwa kichwa, hukosa hamu ya chakula, au hujawa na wasiwasi. Akitokwa na upele, aache mara moja na arudi hospitali. Mama anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango aambiwe kwamba vinaweza kushindwa kazi.

Opio alikuwa na presha kidogo. Kwa hiyo daktari alimruhusu kidonge kimoja asubuhi, kwa sharti la kupimwa moyo kila mara katika kitengo chetu. Nilitayarisha kitanda. Mkuu wa Kitengo akanizuia.

"Muuguzi hamtibu mume wake. Atakwenda kwa Nambozo."

Ilikuwa kanuni ya haki, na mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha wengine. Lakini kukaa nyuma ya pazia ukisikia mumeo akivuliwa shati na mwanamke mwingine, tena uliyemfundisha wewe, ni jambo jingine. Na walicheka. Opio, ambaye nyumbani nikimuuliza habari za dawa alijibu "Sawa tu", kule alizungumza mpaka wagonjwa wengine wakaguna. Nilianza kutazama kola za mashati yake. Nilimnusa. Siku moja nilimwona akiingia kwa Nambozo ingawa haikuwa siku yake ya kliniki. Akatoka bila hata kuchungulia chumbani kwangu.

Jioni nilimuuliza, "Leo ulikuwa wapi?"

"Kazini."

Wivu ulinikaa kifuani kama ugali usiotafunwa.

Kesho yake asubuhi walimleta kwenye pikapu ya magereza. Alianguka kwenye gwaride. Alikuwa na fahamu, lakini amelowa jasho, na mkono ameubandika kifuani. Nilimshika mshipa kabla ya mtu yeyote kunizuia. Moyo ulikuwa ukikimbia bila mpangilio wowote, kama mvua kwenye bati.

Daktari wa zamu aliuliza, "Anatumia vidonge vingapi?"

"Kimoja, asubuhi," nilijibu haraka. Mimi ndiye mkewe.

Nambozo, aliyekuwa akimbandika vikombe, hakuinua uso. "Vitatu, daktari. Usingizi ulikuwa umemrudia, akaongeza mwenyewe. Na anakunywa soda zile za kuongeza nguvu. Aliniambia jana. Presha ilikuwa juu, nikampigia simu daktari wake, tukamwambia aache na alale wodini. Alikataa, akaahidi kuja leo baada ya gwaride."

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama. Karatasi ikatoka na mstari uliovurugika. Wakamwekea dripu, wakampa dawa ya kupunguza mbio za moyo, na kufikia saa kumi alasiri mstari ulikuwa umetulia.

Alipoweza kuzungumza nilikaa ukingoni mwa kitanda. "Opio, kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Aliniita kwa jina la mtoto wetu. "Mama Akello, wewe ungelia. Yule aliandika tu."

"Mimi ni muuguzi!"

"Kazini, ndiyo. Nyumbani ungeniangalia kama mtu anayekufa. Mimi nilitaka mtu mmoja asiniangalie hivyo."

Daktari bingwa aliisimamisha dawa ile kabisa. Afande Mkuu, nashukuru, alimpa Opio kazi ya stoo bila bunduki, na ruhusa ya kulala kidogo kila mchana, na hivyo akafika pensheni akiwa hai. Nambozo sikumwomba radhi, kwa kuwa sikuwa nimemtamkia neno. Nilimshukuru, na niliposhukuru ilikuwa kweli.

Sasa tunaishi Wanyange, karibu na Jinja. Vijana wanaokuja kunisalimu huniuliza nimejifunza nini. Nawaambia: mgonjwa muulize anachomeza, si alichoandikiwa. Muulize bila mkewe, bila mumewe. Atakaloficha nyumbani ndilo litakalomwua.

Hilo nalisema kwa moyo mmoja. Lililobaki silisemi kwao. Mashine ya presha ipo kabatini, na mikono yangu bado inajua kazi. Hata hivyo, kila siku yake ya kliniki inapofika, Opio anapanda gari kwenda hadi Mbale kwa Sista Nambozo. Asubuhi hiyo nampigia pasi shati, kola kwanza, na kumfungia vifungo kimoja kimoja mpaka juu.